Naiba muda wa wanangu ili niandike riwaya

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Morogoro, nafundisha Kiswahili sekondari. Nina watoto wawili. Wa kiume ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Wa kike ana mwaka mmoja na miezi minne, bado ananyonya. Nimeolewa, na mume wangu si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua wasomaji wako, wataanza na yeye.

Shida yangu ni kuandika. Nilipokuwa chuo nilitunga hadithi fupi, mbili zikatoka gazetini, na hadi leo mama yangu anazo, kazikunja kwenye pochi pamoja na kadi ya kliniki yangu ya utotoni. Miaka mitatu iliyopita nilianza kakitabu kangu, ni riwaya. Naandika kwa mkono kwenye daftari la kaunta, maana kompyuta iliyopo nyumbani ni ya ofisini kwa baba watoto. Nimefika ukurasa wa 140, naona zimebaki kama 60 hivi. Kabla ya huyu mdogo nilikuwa naandika usiku, mkubwa akishalala, kurasa mbili tatu, nalala nimeridhika. Mimba ya pili ilipokuja nikajipa moyo kwamba zile siku 84 za likizo ya uzazi zitanitosha kumaliza. Cheka tu. Sikuandika hata sentensi moja.

Sasa naiba. Naiba dakika kumi shuleni wenzangu wakinywa chai. Usiku naiba nusu saa nikijifungia bafuni na simu, naandika aya kisha najitumia mwenyewe kama ujumbe. Mume wangu akigonga kuuliza kama niko salama, namwambia ni tumbo.

Mwezi uliopita, siku ya Jumamosi, baba watoto alikwenda kuangalia mpira, mkubwa anacheza uani, mdogo amelala mkekani pembeni yangu. Sura niliyokuwa naisumbukia tangu mwaka jana ikafunguka. Nikaandika, Mama Mkubwa, nikaandika kama maji. Sijui ulipita muda gani. Nilipomgusa mtoto alikuwa anaunguza. Nilimbeba mbio hadi kituo cha afya, wakamtoboa kidole kwa kile kipimo cha haraka, malaria. Alipewa dawa mseto, siku ya tatu akawa anakimbiza kuku. Ila mimi sijapona. Sura ile sijaisoma tena. Kila nikilifungua daftari nahisi mkono wangu una joto la paji la uso wake.

Halafu wiki mbili baadaye mwalimu wa mkubwa, ambaye ni rafiki yangu, akaniambia aliwauliza watoto wazazi wao wanafanya kazi gani. Mwanangu akasimama akasema: "Baba anafanya kazi ofisini. Mama anaandika, hataki kelele." Mwalimu alikuwa anacheka, nami nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nililia jikoni mpaka ugali ukaungua. Isitoshe, ukurasa wa 61 wa daftari nimekuta amechora basi, kubwa, juu ya maandishi yangu, kwa kalamu ya wino. Nilimfokea mpaka akajificha chini ya meza.

Mama mkwe alikuwa kwetu kipindi hicho. Yeye huniambia kwa upole, na ndipo panapouma: "Mwanangu, vitabu havitakuja kukuzika." Mume wangu nikimlalamikia anasema, "Mimi sijakukataza kuandika." Kweli hajanikataza.

Sasa kuna shindano moja la miswada, zimebaki wiki kumi kabla ya kufunga. Nimewaza nimwachishe mdogo ziwa, niwapeleke wote wawili kwa mama yangu Korogwe miezi mitatu, nimalize. Mama amekubali. Mume anasita. Au niachane na haka kakitabu mpaka wakue, angalau mdogo afike darasa la tatu. Mimi mwenyewe sijui ninachokitaka. Nikiwa na watoto nawaza daftari, nikiwa na daftari nawaza watoto. Nisaidie.

Mama Wawili, Morogoro


Mama Mkubwa anajibu

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Uniwie radhi, ni ugonjwa wa kazi. Nilisoma prufu za vitabu vya shule kwenye kiwanda cha uchapaji miaka ishirini na ushee, na hadi leo hata kadi ya harusi siwezi kuisoma bila kutafuta kosa. Kwako nimepigia mstari maneno mawili.

La kwanza ni "naiba". Umeliandika mara tatu katika aya moja fupi. La pili ni "kakitabu". Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, ngeli unazifundisha ubaoni. Kitabu kina ngeli yake yenye heshima, wewe umekitoa huko ukakishusha hadi kwenye "ka". Kurasa 140 za mkono! Ukurasa wa kaunta kwa mwandiko wa kawaida unabeba maneno kama 250, kwa hiyo una maneno yapata elfu thelathini na tano. Mwanafunzi wako angekuletea mzigo huo ungemwita mwalimu mkuu aje aone. Wako mwenyewe unauita "haka".

Sikukosoi lugha. Nasema hivi: mtu anayeamini kwamba anaiba, na kwamba alichoiba ni kidogo, hawezi kumwomba mtu yeyote ampishe. Atajifungia bafuni. Na mume wako, maskini, mwezi wa ngapi huu anadhani ana mke mgonjwa wa tumbo?

Nianze na homa, kwa sababu najua hayo mengine hutayasikia mpaka hilo litoke njiani.

Wote tuliolea katika nchi hii tunaijua malaria ya watoto. Mtoto analala mzima, anaamka jiwe la moto. Wewe ulikuwa hatua moja kutoka kwake. Ulimgusa, ukambeba, akapimwa, akapata dawa siku hiyohiyo. Sasa nikuulize, na ujijibu ukiwa peke yako. Ungekuwa unafua Jumamosi ile, mtoto amelala mkekani, ukamaliza beseni la pili ndipo ukamgusa ukakuta anaunguza, ungeniandikia barua hii? Ungejiita mwizi? Mama mkwe angesema nguo hazitakuja kukuzika? Mikono yako ingekuwa kwenye povu muda uleule, na homa ingepanda vilevile. Kinachokutesa si kwamba hukumwona. Kinachokutesa ni kwamba ulikuwa na furaha. Umejifundisha kwamba mama akifurahi na kitu kisichokuwa mtoto lazima bili ije, basi bili ilipokuja na jina la malaria ukailipa bila kuangalia jumla.

Mbu ndiye aliyemuuma mwanao. Angalieni chandarua, kisha nenda kaisome sura yako.

Twende kwa mkubwa. Hapa nimecheka peke yangu barazani, na nikikueleza nilichochekea usikasirike. Mtoto kaulizwa kazi ya mama yake. Wewe ni mwalimu, unavaa sare ya kitenge ya shule kila Ijumaa kama walimu wenzako, unarudi na marundo ya madaftari ya kusahihisha, na mwalimu aliyemuuliza ni rafiki yako. Jibu jepesi lilikuwa hapo mdomoni: "Mama ni mwalimu." Hakulisema. Alisema, "Mama anaandika." Katika nyumba yenu yote, pamoja na wewe mwenyewe, huyo wa miaka sita ndiye mtu pekee aliyeitaja kazi yako kama kazi. Wewe ulisikia nusu ya pili tu, "hataki kelele", ukaenda kuunguza ugali.

Hiyo nusu ya pili nayo ni ya kweli, sitaki kuipaka sukari. Anakuona unaandika, na anachojua kuhusu kuandika ni kwamba kunamfukuza. Basi la ukurasa wa 61 silioni kama uharibifu. Alitafuta mlango wa kuingilia.

Kuna mama mmoja wa kisiwa cha Pate, kule Lamu, huwa namkumbuka nikifika kwenye mambo haya, Mwana Kupona binti Mshamu. Yapata mwaka 1858, akiwa amezidiwa na maradhi ya muda mrefu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi ambao wewe bila shaka umeusoma chuoni. Najua sifa zake: vyuoni unatajwa zaidi kwa yale mafunzo ya mke kumtii mume, na wapo wasichana wa siku hizi wanaoukasirikia, nami sitawazuia. Mimi huwa sifiki huko haraka. Naganda kwenye beti za mwanzo, pale anapomwita mtoto: "Ndoo mbee ujilisi, na wino na karatasi." Njoo mbele ukae, uje na wino na karatasi. Mama yule alikuwa na jambo moyoni la kuandika, na muda wake ulikuwa mfupi kuliko wako. Miaka miwili hivi baadaye alifariki. Hakumwambia mtoto atoke nje mpaka amalize. Alimwagiza wino.

Mdogo wako ukimwagiza wino ataunywa, kwa hiyo huyo tumwache. Namsema mkubwa. Mnunulie daftari lake la kaunta, jembamba, jalada gumu kama lako, uandike jina lake juu. Siku moja kwa wiki, dakika ishirini tu, mkae meza moja, kila mtu na lake. Wewe siku hiyo hutaandika cha maana, nakuonya. Utaulizwa "basi" linaandikwaje, na kwa nini treni ya umeme haina moshi. Hizo dakika ishirini hazihesabiki kuwa za riwaya, ni za kumwonyesha kwamba chumba kile kina viti viwili. Na ukurasa wa 61 usiuchane. Nakili maneno yako mahali pengine, basi libaki.

Na kabla sijasahau: leo, kabla hujalala, piga picha kila ukurasa wa hilo daftari. Zote 140. Mtoto mwenye kalamu ndiye hatari ndogo kabisa. Kuna mvua, kuna panya, kuna chai. Buchi Emecheta, Mnigeria aliyehamia London miaka ya sitini akiwa msichana mdogo sana aliyekwisha kuolewa, mswada wake wa kwanza ulichomwa moto na mumewe. Hakuwa na nakala. Aliondoka na watoto, watano, na kitabu kile akakiandika upya kutoka kichwani, kikachapwa mwaka 1976. Simtaji ili nikupige naye. Nawachukia watu wanaomchukua mwanamke mmoja aliyepita kwenye moto wakawaulizia wengine mbona wao wanalalamikia moshi. Namtaja kwa sababu ya nakala, na kwa sababu ya jambo moja dogo: kitabu chake kingine, cha 1974, alikitabaruku kwa wanawe watano, akisema bila kelele zao tamu kisingeandikwa. Kelele, mwanangu. Mimi sijawahi kuziona tamu, lakini yeye alizisikia akaandika.

Sasa Korogwe.

Mwaka 1983, miaka ya foleni za sukari na sabuni, nilipata nafasi ya mafunzo ya miezi tisa mbali na nyumbani. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka miwili. Nikampeleka kwa mama yangu Songea. Alilishwa, alipendwa, alinenepa kuliko alivyokuwa kwangu. Niliporudi kumchukua alijificha nyuma ya kanga ya bibi yake akanichungulia kama anavyochunguliwa mgeni aliyeleta pipi. Aliniita "dada" karibu mwaka mzima, kwa sababu hivyo ndivyo wadogo zangu walivyokuwa wananiita. Sijutii yale mafunzo. Ndiyo yaliyonipa mkate wa kuwalea wote wanne. Nilichokosea ni kudhani mtoto ni kama sanduku, unaliacha kwa mtu na kulikuta jinsi lilivyokuwa.

Kwa hiyo mdogo haendi. Bado hajafikisha miaka miwili, na wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonye hadi umri huo au zaidi akiwa anakula vyakula vingine. Kumwachisha ziwa ghafla na kumtenga na mama yake kwa mkupuo mmoja ni kumpa misiba miwili wiki moja. Wewe nawe utakuwa Morogoro na maziwa yamejaa, unalia juu ya daftari tupu. Mkubwa ana shule, huwezi kumtoa miezi mitatu darasa la kwanza wakati ndio anajifunza kusoma. Likizo ya Desemba aende kwa bibi wiki mbili tatu, kama watoto wote. Hiyo si sadaka ya riwaya, ni likizo.

Na shindano lenye wiki kumi, liache lipite.

Najua hilo umelisoma kama nimekupiga kofi. Kurasa 60 za mkono kwa wiki kumi, halafu kuzichapa zote 200 kwenye kompyuta, halafu kusahihisha, na kazi ya ualimu, na mtoto anayeamka usiku. Ungeweza, kwa kuiua nyumba na kuandika mwisho wa riwaya kwa haraka. Nimesoma miswada ya namna hiyo. Mhusika anayesumbua sura kumi anagongwa na gari ukurasa wa mwisho kwa sababu mwandishi alikuwa anawahi posta. Mashindano hayajaisha nchini. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa 2023, na siku yake ni Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, tarehe isiyokwenda popote. Ipo na ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014, inayopokea miswada ambayo haijachapishwa. Tafuta masharti yao sasa, uyabandike ndani ya jalada la daftari, uandike kitabu badala ya kuandika tarehe ya mwisho.

Ila na lile wazo lako la kusubiri wakue nalo sikuachii. Nilikuwa na mashairi mimi. Yalitoka kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti, nikijibizana na mabingwa wa mizani kutoka Tanga na Mombasa ambao hawakujua kwamba anayewajibu ana mimba ya mtoto wa tatu. Alipozaliwa huyo nikasema naweka kalamu chini mpaka wakue. Wakakua. Nikasema mpaka waolewe. Wakaolewa, wakaniletea wajukuu. Nilipokaa hatimaye na karatasi, nyumba kimya, sina wa kumpikia, mkono ulikuwa umesahau njia. Mizani niliijua, vina ninavijua hadi leo, ila kile kitu kilichokuwa kinanisukuma kuamka na ubeti kichwani kilichoka kunisubiri. Sasa najibu barua za watu. Ni kazi nzuri, siilaumu. Darasa la tatu likifika kutakuwa na jingine, mwanangu. La nne wana mtihani wa taifa.

Basi tufanye hesabu ya watu wazima. Zimebaki kurasa 60. Ukiandika ukurasa mmoja, mmoja tu, mara tatu kwa wiki, ni wiki ishirini. Miezi mitano. Mtoto wako atakuwa hajafikisha hata miaka miwili na riwaya imekwisha. Wapo watakaokuambia uamke saa kumi alfajiri, wanawake wengi wakubwa waliandika hivyo. Usiwasikilize kwa sasa. Mtu anayenyonyesha usiku usingizi wake si akiba ya kukopa. Nataka uandike mchana, mlango ukiwa wazi, na kila mtu akijua.

Jumanne na Alhamisi baki shuleni saa moja baada ya vipindi. Msichana anayekaa na mtoto mchana, na nadhani yupo maana unakwenda kazini, aombwe akae hiyo saa ya ziada kwa malipo. Usimwombe kama hisani. Naye ana kwao na ana mambo yake, na hela hiyo iwe gharama ya riwaya kama kalamu ilivyo gharama. Siku ya tatu ni Jumamosi asubuhi, saa mbili hadi saa tano, na hapo ndipo anapoingia baba watoto.

Umenikataza nisianze naye, sikuanza naye. Lakini hili "mimi sijakukataza" linanikera kuliko hata lile la mama mkwe. Mtu kutokukataza kwenda kisimani hakujakubebea ndoo. Yeye Jumamosi alikwenda kuangalia mpira. Hakujifungia bafuni kuangalia, hakusema anaumwa tumbo, na mtoto alipopata homa hakuna aliyemuuliza ulikuwa wapi. Simlaumu kwa mpira. Nataka uone jinsi mtu anavyokwenda kwenye jambo lake: anaaga, anavaa viatu, anatoka.

Usiku wa leo mwambie ukweli wa bafuni. Najua ataanza kwa kucheka, mwache acheke. Kisha mwambie kwa idadi, si kwa machozi, kwa sababu machozi atayabembeleza na asubuhi kila kitu kirudi pale pale. "Naandika riwaya. Imefika ukurasa wa 140, zimebaki 60. Nataka Jumamosi tatu za asubuhi kila mwezi, zikiwa nne bora zaidi, watoto wote wawili wawe kwako na mimi nisiwepo." Nisiwepo, umesikia? Ukibaki chumbani utaitwa kila dakika kumi kuulizwa nepi ziko wapi. Nenda maktaba ya mkoa, nenda kwa rafiki yako yule mwalimu, nenda hata darasani kwako, funguo si unayo. Wiki ya kwanza utarudi ukute mdogo kavaa nguo nje ndani na mkubwa kala mandazi sita. Usiseme neno. Ukirekebisha tu, Jumamosi ijayo atakwambia wewe ndiye unayeweza.

Kama atakataa waziwazi, niandikie, tutazungumza lugha nyingine. Sidhani. Kwa jinsi ulivyomtetea kwenye mstari wa nne wa barua, naona ni mtu ambaye hajaombwa bado.

Mama mkwe mwache na maneno yake. Ameyatoa kwenye maisha yake, na alikotoka yalikuwa kweli.

Siku nyingine utaandika ukurasa, siku nyingine sentensi mbili, na wiki nyingine surua au mitihani ya muhula itakula zote tatu. Utakapokosa wiki usilipe deni kwa kuandika usiku kucha. Endelea na Jumanne inayofuata tu. Kuhusu kuchapa, zungumzeni kama kompyuta ile inaweza kulala nyumbani bila kuvunja masharti ya ofisi. Ikishindikana, zipo steshenari zinazochapa kwa ukurasa. Ila umpe mchapaji nakala, daftari lisitoke mkononi mwako.

Mwisho, nina lalamiko langu. Umeniandikia barua ndefu. Najua miezi ya mtoto, najua mama mkwe kasema nini, najua ugali uliungua, najua basi lilichorwa kwa kalamu gani. Riwaya yenyewe sijui inahusu nini. Hukunitajia hata jina la mtu mmoja aliyemo. Ndiyo sababu nakuomba barua ya pili, ukurasa mmoja, na humo ndani nisikute mtoto wala mume wala Korogwe. Niambie hadithi ni ya nani na inaanzia wapi. Na ile sura iliyofunguka Jumamosi ile, uliyoandika kama maji halafu ukaogopa kuisoma: nani alikuwa anaongea, na ulimwacha amesimama wapi?